Karatasi ya Pakiti Mahali pa Fyuzi

Kabla hajagusa kitu chako, Fundi alikuamuru uvue pete. Saa pia, na bangili, na mkufu wa msalaba kama umening'inia. Aliviweka vyote kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, akakisukuma upande wako ili usije ukasema umeibiwa, ndipo akakuuliza nini kimeharibika. Wengi walidhani ni maringo. Wengine walisema ana masharti kama ya mganga. Mimi niliyekaa naye barazani miaka mingi nilijua kuwa ni woga, woga safi, na aliutunza kama wengine wanavyotunza viatu vya Jumapili.

"Chuma kinalala, Karani," alikuwa akiniambia. "Umeme hausinzii."

Sitalitaja jina lake. Mjini Kasulu walimwita Fundi tu, na baadaye wakamwita mambo mengine, na hayo mengine yalisababishwa na mdomo wangu niliokuwa nimeufunga. Ndiyo maana naandika. Nimejaribu kukaa na jambo hili na halikaliki. Naamka, nazunguka nyumba, namwagilia mche uliokwisha kumwagiliwa. Mke wangu ananiuliza natafuta nini, nasema miwani, na miwani ninayo usoni.

Meza yake ilikuwa kwenye baraza ya duka la vitenge la Alhaji, hatua chache kutoka stendi ya mabasi. Alhaji amezaliwa huku huku juu, ila wajomba zake wako Tanga, na kila akirudi kutoka kuwaona, Kiswahili chake kilikuwa kimepakwa marashi upya. Fundi alikuwa kama sisi wengi tuliolelewa kwa Kiha: neno lilipita kwanza nyuma ya nyumba kabla ya kutokea mlango wa mbele. Kwa hiyo mmoja alisema haraka, mwingine alijibu polepole, na barazani hapakukosa kicheko.

"Fundi, hiyo redio unaitengeneza au unaiposa?"

"Naichunguza."

"Wallahi, ungekuwa daktari wewe, wagonjwa wangepona wenyewe kwa kuchoka kukungoja."

"Na wangekufa wachache, Alhaji."

Alipenda kuchunguza kuliko kutengeneza. Mafundi wengine wa mjini, taa ikikataa kuwaka, walibadilisha kitu cha kwanza kilichoonekana cheusi, ikawaka, wakakupa. Fundi aliweza kukaa na taa ya sola mchana kutwa akitafuta kilichoifanya iwe nyeusi. Fyuzi ikikatika hakuweka nyingine. Aliiondoa, akaiinua kwenye mwanga kama mtu anayetazama yai, akasema: "Huyu kafa kwa ajili ya nani?" Aliamini fyuzi haikatiki kwa hiari yake. Mahali fulani ndani kuna waya umegusana na mwenzake, na mpaka umpate huyo, ukiweka fyuzi mpya unampeleka mwingine kufa.

Shoti ndiyo ilikuwa adui yake. Alikuwa na namna yake ya kuieleza, na aliieleza kwa kila mtu, hata kwa mama aliyekuja tu kuuliza choo kiko wapi. "Umeme ni mvivu kama mimi na wewe," alisema. "Umeupa kazi: nenda kwenye balbu, washa, rudi nyumbani. Ukiona kanjia kafupi ka kurudi bila kupita kazini, utakapita. Na kwa sababu haukufanya kazi, unarudi na nguvu zake zote. Hizo ndizo zinazounguza nyumba."

Kwa hiyo alivisha. Alivisha kila waya. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli aliukata vipande vyembamba akavitumia kama bandeji. Karatasi ngumu ya kalenda za zamani aliikata miduara akaiweka juu ya vichwa vya betri. Chupa za maji alizipasha moto zikasinyaa juu ya maungio. Kitu kikitoka mezani kwake kilikuwa kimevaa kama mtoto anayepelekwa kliniki Julai, wakati baridi ya Kasulu inauma.

Na mtu huyo huyo alikuwa na baiskeli isiyo na breki. Lazima niliseme hili, kwa sababu wanaomkumbuka kama mtu wa tahadhari hawakumwona akiteremka mlima. Alitoka na baiskeli ile juu kabisa, akiwa na sanduku la vifaa nyuma, na breki yake ilikuwa kandambili aliyoikandamiza kwenye tairi. Nilimwuliza mara moja kama hana akili.

"Mlima nauona," akasema. "Shoti siioni."

Alikuwa na ugoro pia. Alininyanyasa kwa sigara zangu wiki nzima, na baada ya kuninyanyasa aliinama chini ya meza, akavuta ugoro puani, akapiga chafya, akarudi juu macho yamejaa machozi kuendelea kuninyanyasa. Na salamu: asubuhi alianza na mwakeye ya Kiha, akapiga makofi yale ya taratibu kama tulivyofundishwa, akauliza nyumba, ng'ombe, magoti, mvua, akarudi tena kwenye nyumba. Lakini ukifika wakati ameshika chuma cha kuchomea risasi ya kuungia nyaya, hata ungekuwa baba mkwe wake, hukusalimiwa mpaka kipoe.

Sasa niseme kuhusu sigara zangu.

Nilikuwa karani wa kununua tumbaku tangu nilipomaliza kidato cha nne. Mchana niliandika uzito wa mitumba ya tumbaku za watu, na jioni niliichoma yangu. Miaka arobaini. Mwaka 2012 kifua kikaanza kupiga filimbi. Daktari akasema niache. Niliacha Jumatatu, nikaanza Jumanne, nikaacha tena Ijumaa. Binti yangu Neema, aliyeko Dar es Salaam, akanitumia kwa basi kitu kama kalamu nene. Akanipigia simu.

"Baba, hiyo ni sigara ya umeme. Unavuta mvuke, hakuna moshi. Mjini huku ndiyo habari ya mjini."

"Inakula nini?"

"Chaji tu, baba. Na kale kamaji ka kwenye kachupa."

Ilinifaa wiki tatu. Kisha ikafa. Nikaipeleka kwa Fundi. Nikavua pete bila kuambiwa. Aliifungua, akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akaifunga.

"Hii haikutengenezwa ifunguliwe," akasema. "Aliyeitengeneza hakutaka mimi na yeye tujuane."

"Basi nitengenezee nyingine."

Alhaji alisikia kutoka ndani. "Tengeneza, Fundi! Karani akikohoa wateja wangu wanadhani nimeanza kuuza majeneza."

Fundi alikataa. Alikataa wiki mbili. Alisema kitu kinachokaa karibu na uso wa mtu hakipaswi kutoka kwenye meza ya barazani. Alisema betri ya kuwasha kitu kama hicho si ile ya tochi ya kawaida inayokufa kimya. Ni zile zinazotolewa kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa, na hizo zikikasirika zinatema moto. Nilimwendea kila siku. Sikumwomba kwa maneno. Nilikaa pale nikakohoa. Naona haya kuandika kwamba mara nyingine kikohozi hakikuwepo, nikakileta.

Siku ya kumi na nne akasema, "Mwakeye, Karani," akapiga makofi, akauliza nyumba, magoti, mvua, kisha akasema, "Leta tochi ya chuma iliyokufa."

Nilikaa naye siku nne akiitengeneza na sijawahi kuona kazi ya namna ile. Ndani ya bomba la tochi iliingia betri moja. Aliniwekea kiganjani kwanza niielewe. "Betri hii mwili wake wote ni hasi," akasema. "Kichwa hiki kidogo tu ndicho chanya. Kati yao kuna ngozi ya plastiki nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ikichanika hapa shingoni, tayari ni shoti, hata kabla hujafanya kitu. Ndiyo maana ukiniona nimeibeba mfukoni na ufunguo, ujue nimechoka kuishi." Akaivisha ngozi ya pili, akaweka duara la kalenda shingoni. Nakumbuka lilikuwa na tarehe, kumi na saba.

Juu aliweka waya mwembamba uliotolewa kwenye hita iliyokufa, ameusokota kama chemchemi ya kalamu, na pamba ndani yake. Pamba ilinyonya glisirini ile wanayojipaka watu miguuni wakati wa kiangazi. Tumbaku hakutia. "Utavuta joto la maji matamu," akasema, "na mkono wako utadhani umepata kitu." Miguu miwili ya waya ule ndiyo iliyomnyima raha. Mguu ukigusa mguu, shoti. Mguu ukigusa ukuta wa bomba, shoti. Alitafuta kipande cha kauri kwenye swichi ya zamani, akaupitisha kila mguu kwenye tundu lake.

Chini alitoboa matundu ili betri ikikasirika ipumulie huko na si usoni kwangu. Kwenye swichi alizungushia mpira mnene wa kitako cha kandambili, ili isijibonyeze mfukoni. Na katikati ya njia, kati ya betri na swichi, akaweka fyuzi ndogo ya kioo iliyotoka kwenye redio.

Kisha akafanya jaribio lake. Alichomoa ule waya wa kupasha joto, njia ikabaki wazi. Mahali pa fyuzi akaweka balbu ya tochi. Akasema, "Sasa kazini hapapitiki. Nikibonyeza na balbu ikawaka, kuna kanjia kafupi." Akabonyeza. Haikuwaka. Akalitikisa bomba, akaligonga mezani, akalipindua, huku amebonyeza. Haikuwaka. Alhaji alikuwa ametoka kusimama nasi, na wateja wawili, na hakuna aliyecheka. Akaitoa betri, akarudisha fyuzi, akarudisha waya, na betri akaitia mwisho kabisa.

"Karani," akasema, "nikuambie mambo mawili tu, maana matatu utasahau. Pamba ikiisha ladha, usiibadilishe mwenyewe. Njoo. Fyuzi ikikatika, usimweke mwingine. Njoo."

"Nitakuja."

"Sema tena."

"Nitakuja, Fundi. Mimi si mtoto."

Ile ilinifaa kuliko ya Neema. Miezi miwili nilivuta mvuke wangu na kifua kikatulia. Watu walikuja barazani kuniangalia kama sinema. Lakini mwili wangu ulikuwa na mashaka. Uliijua tumbaku na ulijua hii si yenyewe. Mkono ulitaka zaidi, mdomo ulitaka zaidi. Pamba ilianza kuonja kama kitambaa kilichoungua, na badala ya kwenda kwa Fundi niliing'oa kwa pini ya mke wangu, nikasokomeza nyingine. Nilipobonyeza, kimya. Fyuzi imekatika.

Nilikwenda kwake. Sikusema nimegusa pamba. Alitafuta saa nzima, akakuta mguu mmoja wa waya umesukumwa nje ya tundu lake, unagusa ukuta. Akaurudisha, akaweka fyuzi mpya, akanitazama juu ya miwani.

"Nani aliingia humu?"

"Labda ilianguka."

"Ilianguka na pini mkononi," akasema, na akanicheka, na hakunigombeza zaidi. Ningependa angenigombeza.

Wiki iliyofuata nilifanya tena lile lile. Na fyuzi ikakatika tena. Safari hii niliona aibu kwenda. Mtu mzima, karani aliyeaminiwa mizani, nikajione nikisutwa tena mbele ya Alhaji kwa sababu ya pamba? Tena siku hiyo hamu ilikuwa imenishika shingoni. Kwenye droo nilikuwa na pakiti ya sigara niliyoificha tangu mwaka uliopita, ya dharura. Niliifungua. Sikuwasha hata moja, na niliona nimeshinda jaribu. Nilichukua ile karatasi ya fedha inayofunika sigara, nikaikata kwa wembe, nikaikunja mara tatu, nikaizungushia fyuzi iliyokufa. Huku kwetu kila mtu amefanya hivyo kwenye redio yake. Baba zetu walifanya. Nikausukuma mguu wa waya kwa macho yangu mabovu mpaka nikaona uko sawa, nikabonyeza, mvuke ukatoka. Ulitoka mzuri kuliko zamani. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshika wembe, nikakata na ule mpira wa kandambili, maana ulikuwa ukiniumiza kidole gumba.

Hayo yote niliyafanya mimi. Nayaandika kwa mpangilio ili nisije nikajidanganya tena.

Siku ya pili yake, kama saa nne asubuhi, niliingia dukani kwa Alhaji kumtazamia mke wangu kitenge. Nililiweka bomba juu ya rundo la vitenge ili nishike kitambaa kwa mikono miwili. Mama mmoja wa Nyakitonto alikuwa akichagua, Alhaji anamshushia majora, moja, jingine, jingine. Jora moja aliliweka juu ya bomba langu. Hakuliona. Mimi nililiona nikasema moyoni, nitalichukua sasa hivi.

Kwanza tulisikia mlio kama birika linalotaka kuchemka. Kisha harufu. Kisha jora lile likainuka kidogo, kama kuna paka chini yake, na moto ukatoka pembeni, moto mweupe unaosukumwa, si wa kuni. Mama wa Nyakitonto alipiga kelele akakimbia. Niliingiza mkono nikavuta kitambaa, nikaungua kiganja hiki cha kulia. Fundi aliruka meza yake akaja na ndoo ya mchanga. Alikuwa na ndoo ya mchanga pale miaka yote na tulikuwa tukimcheka kwamba anangoja kujenga. Akamwaga. Vitenge vilivyokuwa kwenye rundo viliteketea, na dari ya ubao ikawa nyeusi, lakini duka likabaki.

Watu walijaa. Alhaji alimgeukia Fundi, si mimi.

"Umeniletea bomu dukani! Miaka yote nimekuweka hapa barazani kwangu bure, na watoto wangu wanalala nyuma ya ukuta huu!"

Fundi alikuwa ameshaliokota bomba kwa koleo, amechuchumaa nalo kwenye mwanga wa mlango. Alifungua chini. Nilimwona akichungulia. Alichomoa kitu kwa ncha ya koleo, kidogo tu, kinang'aa upande mmoja, cheusi upande mwingine. Akakigeuza. Akainua macho akanitazama.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Alhaji mwenyewe, mtu ananimwagia maji mkononi. Wanawake wanasema, "Pole, Karani. Pole sana. Fundi huyu angekuua." Na mimi nikaitikia. Nilisema, "Asante." Nilisema, "Ni Mungu tu."

Fundi alikirudisha kile kitu ndani ya bomba, akalifunga.

"Uondoke leo leo," Alhaji akasema.

"Nimesikia, Alhaji."

Alianza kupanga vifaa vyake kwenye sanduku. Mimi nikapelekwa nyumbani. Mke wangu alinifunga kiganja kwa kitambaa safi huku akimlaani Fundi kwa Kiha, maneno mazito ambayo hatuyatumii mbele ya wajukuu, na mimi nikayaacha yampate. Alasiri nilitoka kusimama kwenye kona ya stendi, mahali unapoona baraza ile bila kuonekana. Bado alikuwa anapanga. Alilifunga sanduku, akalifungua, akapanga upya, akafunga. Nilijiambia ndivyo alivyo, mtu wa polepole. Jua lilipoegemea alilifunga sanduku nyuma ya baiskeli, akashika barabara ya Kibondo.

Mji ulimwita Fundi Bomu. Waliokuwa na redio alizozitengeneza walizipeleka kwa mafundi wengine zikafunguliwe. Watu wanaonicheka sasa kwamba situlii hawajui kilichoanza siku ile. Nilirudia sigara kabla ya mwezi kuisha. Lakini kila pakiti niliyoifungua ilinifungulia na karatasi ile, inang'aa, safi, imekunjwa vizuri na watu wasionijua. Nilianza kuzifungua nikiwa nimeangalia pembeni. Alhaji alinisalimia kwa huruma kila asubuhi: "Mkono vipi, Karani?" Mkono ulipona baada ya wiki sita. Aliuulizia miaka yote.

Mwaka 2015, Warundi walipoanza kumiminika kama wakimbizi, mfanyabiashara mmoja aliyetoka kupeleka mihogo Kibondo alikaa barazani akasema kule kuna fundi wa ajabu, anawavua watu pete. Alhaji alikuwa anapima kitambaa. Mkasi wake ulisimama, kisha ukaendelea. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama. Kesho yake nikapanda basi la kwanza.

Njia ilikuwa vumbi, na sikumbuki zaidi, maana nilikuwa nikipanga maneno. Nilipanga, na tulipofika Kitahana yakapangika vizuri. Nilimkuta pembeni ya soko la Kibondo, meza ile ile, turubai badala ya baraza. Mbele yake walikuwa wamepanga foleni watu waliobeba taa na simu zilizonyeshewa njiani. Baiskeli imeegemezwa kwenye nguzo, haina breki bado. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Aliniona, akaweka chini chuma cha kuchomea, akangoja kipoe. Nami nikangoja. Kisha akapiga makofi.

"Mwakeye, Karani."

Akauliza nyumba. Akauliza magoti. Akauliza mvua ya Kasulu. Nilijibu moja moja.

"Vua pete," akasema.

"Sikuleta kitu cha kutengeneza."

"Vua."

Nikaivua. Ikaingia kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, kile kile, akakisukuma upande wangu. Ndipo nikasema. Nilisema yote: pamba, pini, pakiti ya dharura, mara tatu niliyokunja, wembe. Niliyasema vibaya kuliko nilivyoyapanga. Watu wa foleni walikuwa wakisikia na sikuwajali. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyosikiliza spika.

Nilipomaliza aliinama. Nilidhani ni ugoro. Alitoka chini ya meza na bomba langu.

"Karatasi bado imo," akasema. "Nawaonyesha wanaokuja na fyuzi za sigara. Nasema tu, mtu mmoja wa Kasulu. Jina sitaji."

"Kwa nini hukusema siku ile? Uliishika mkononi."

"Ningesema nini? Wewe ndiye uliyeungua mkono. Wewe ndiye karani. Mimi ni mtu niliyepewa baraza." Alilipindua bomba. "Lakini nilikungoja. Lile sanduku nililifunga mara nne, Karani. Lina vifaa kumi na tisa tu."

Mmoja kwenye foleni alikohoa kuonyesha kuwa muda unakwenda.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

"Nimesikia. Nimepokea." Akavuta simu ya kwanza ya foleni akaanza kuifungua. Kisha, bila kuinua macho: "Basi la kuja huku linapakia wapi siku hizi?"

"Pale pale. Mbele ya duka la Alhaji."

"Alikuwepo?"

"Alikuwa anafungua milango."

"Mlisalimiana?"

"Tulisalimiana. Aliniuliza nakwenda wapi."

"Ukamwambia?"

Nilitazama chini, kwenye kifuniko, pete yangu peke yake humo.

"Mimi nilikuwa najua, Karani," Fundi akasema. "Tangu siku ile, mlangoni, najua. Umesafiri mchana huu wote kuja kumwambia mtu anayejua, na asiyejua umempita dukani kwake."

Akalisukuma bomba mbele yangu, kando ya pete.

"Lichukue. Kule utahitaji kitu cha kuonyesha. Ukibaki na maneno matupu utayapindisha, nakufahamu." Kisha akaguna. "Na mimi sasa nitawaonyesha hawa nini?"

Nilirudi Kasulu kesho yake. Basi lilitushusha pale pale. Bomba lilikuwa kwenye mfuko wa koti na halikuwa na moto wowote tena, lakini nililishikilia njia nzima kama lingeweza kubonyezwa. Nilizunguka stendi mara mbili. Nilinunua karanga nisizozitaka. Mara ya tatu miguu ilichoka kunisaidia kukimbia, nikaingia.

Mama mmoja alikuwa akichagua kitenge, redio inaimba rafuni. Juu, dari bado ilikuwa nyeusi. Alhaji hakuwahi kuipaka rangi, na miaka yote sikuwa nimethubutu kuinua macho kuitazama.

"Karibu, Karani! Umerudi salama? Mkono vipi?"

Nikavua pete. Sijui kwa nini. Nikaiweka mezani kwake, na kando yake nikaweka bomba, nikakizungusha kitako mpaka kikafunguka na kile kipande cha karatasi kikaanguka nje, kinang'aa upande mmoja.

"Zima redio, Alhaji," nikasema. "Na mama asiondoke. Yeye naye asikie."